Mkono Ndani ya Ndoo

Usinicheke, wala usiniulize nilikuwa nafikiria nini. Sikuwa nafikiria. Mimi ni mchora mabango, na wiki nzima kichwa changu kilikuwa kitupu. Nakaa mbele ya bango la kinyozi, nachora, nafuta, nachora, nafuta. Wifi yangu, dada wa mume wangu, anayetengeneza maua ya dari kwa jipsam chumba cha pili, akachoka kunisikia nikisonya.

"Hebu acha kazi kidogo tucheze," akasema. "Tutoe sanamu ya mkono wako. Huo huo unaokugomea."

Mchezo ukaninogea. Akakoroga unga wa jipsam na maji kwenye ndoo ndogo ya rangi. Nikapaka mafuta mkono wa kulia, nikauzamisha hadi juu ya kifundo, nikatanua vidole kwa madaha. Ndiyo, nilitanua. Maringo yangu mwenyewe.

"Usitikisike, utaharibu!"

Mwanzoni ilikuwa vuguvugu, raha tupu. Kisha ikawa moto. Nikasema, "Wifi, inachoma." Akasema jipsam ikishika hupata joto, kawaida. Kawaida yake ni ua la dari, jembamba. Hakuwahi kukoroga ndoo nzima, wala kumtia mtu ndani.

Nikavuta. Mkono haukutoka. Nikavuta tena, ndoo ikanyanyuka nao.

"Wifi, mkono wangu! Mkono wangu unaiva!"

Naogopa vitu vingi, panya hata radi, lakini sijawahi kuogopa vile. Mkono wangu wa kushoto haujui hata kushika kalamu. Bila ule wa kulia mimi si mchora mabango, ni mtu tu anayenuka rangi.

Wifi akapasua ndoo kwa kisu, akamwagia maji baridi, akachukua nyundo na tindo. Akaiweka tindo juu ya bonge la jipsam, akaiondoa.

"Sijui vidole viko wapi."

"Viko humo! Piga!"

"Nikikikata kimoja?"

"Piga, nimekwambia, kabla sijakupiga mimi!"

Akapiga huku analia. Kila pigo nililisikia kwenye meno. Nikafumba macho, nikawa navitaja vidole kimoja kimoja, bado kipo, bado kipo, na wallahi hata kimoja nilikuwa sikihisi. Bonge likapasuka.

Mkono ulikuwa mwekundu, umevimba, lakini vidole vilikuwepo vyote. Wifi akauzamisha kwenye beseni la maji.

"Vichezeshe."

Havikucheza. Tukatazamana. Nikaviamrisha, nikavibembeleza, wapi! Tukakaa hivyo, beseni katikati yetu. Kisha kidole gumba kikajikunja, halafu cha pili.

"Nipe brashi."

"Wewe mwanamke una wazimu? Twende hospitali!"

"Tutakwenda. Nipe brashi kwanza."

Akaniwekea kiganjani. Ikaanguka. Akaiokota, akaichovya rangi nyeusi, akanikunjia vidole taratibu kwa vidole vyake. Safari hii ikakaa. Hapakuwa na ubao karibu. Kilichokuwa karibu ni uso wake, umelowa machozi. Nikamchora sharubu. Mstari ulipinda vibaya, lakini ulifika hadi shavuni.

Hakufuta. Alishusha pumzi, akanigeuzia shavu la pili.