Mzee Nyoosha Anatafuta Daktari

Nakutegea hiki, usikimbilie kujibu: namlisha moto tumboni, halii, nikimsahau kidogo tu, anaacha alama ya mdomo wake kwenye nguo ya mtu. Nani huyo? Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni pasi ya makaa, na mwenye pasi ni huyu mzee aliyekaa kwenye benchi la zahanati, mgongo wima kama rula, anaogopa kuegemea asije akakunja shati.

Watu walimwita Mzee Nyoosha. Nguo za harusi, nguo za msiba, sare za watoto wanaoanza shule, zote zilipita mikononi mwake, kwenye chumba chake kimoja chenye meza ndefu na blanketi juu yake. Kisha mkono ukaanza kutetemeka. Siku pasi ilipounguza shati jeupe la mteja, binti yake, msusi mwenye maneno mengi na huruma kuyazidi maneno, aliichukua akaenda kuiweka juu ya kabati kwake. Wateja wakapungua, wakaisha. Meza ikabaki na blanketi lake, imetandikwa kama kitanda cha mtu aliyesafiri.

Tangu hapo mzee hapati hata lepe la usingizi. Nyonga inauma, mgongo unauma. Daktari wa hospitali kubwa alimwona alivyopendeza, akamgeukia binti. "Mzee yuko imara huyu. Anakula? Anakunywa maji?" Mzee akafungua mdomo, binti akajibu. Wakapewa vidonge vya usingizi, na asubuhi yake mzee akaamka anayumba, akaanguka mlangoni mwake mwenyewe.

"Baba, leo ndiyo leo," binti alimwambia pale benchini. "Huyu ni daktari wa wazee tu, wengine hawatibu. Ukimpenda, tunamshika yeye. Usipompenda, tunarudi kule, na wewe unahamia kwangu nikuangalie. Chumba chako tunamrudishia mwenye nyumba."

"Kumbe daktari anapendwa? Nakuja kumposa?"

"Baba!"

"Nauliza tu, mama."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu visivyo na kishindo. Alivuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia magoti ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Usiku unalalaje?"

"Halali kabisa, daktari," binti akadakia. "Yaani anakesha..."

"Subiri kidogo, dada. Namuuliza yeye."

Mzee hakuwa amezoea kuachiwa nafasi. "Nalala chali," alisema.

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha. Sigeuki."

"Kwa nini hugeuki?"

Akaitazama mikono ya shati lake. "Nikigeuka, shati litajikunja."

"Unalala nalo mwilini?"

"Nalala juu yake. Nalinyunyizia maji, nalikunja kwa mistari yake, nalilaza chini ya godoro na suruali pembeni. Mtu akitulia, asubuhi linatoka limenyooka. Si kama la pasi, lakini linavalika."

Binti akaweka kiganja mdomoni. Kila asubuhi alimkuta baba yake maridadi, akadhani ni akiba ya nguo alizozinyoosha zamani.

"Baba, si ungeniambia!"

"Ungelichukua na godoro."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akaipokea ile mikono, akaigeuza taratibu. Akamwambia akunje vidole, anyooshe. Asimame, atembee mpaka dirishani, arudi. Vidonge vile, alisema, visiguswe tena. Kutetemeka kutapimwa. Na usiku ageuke atakavyo, shati lijikunje.

"Lakini kabla sijaandika kitu, mzee wangu, niambie. Nikusaidie ili uweze kufanya nini?"

"Apone tu, daktari," binti akasema kwa sauti ndogo.

Daktari hakugeuka. Mzee alitazama dirishani, mtu alikuwa akianua shuka uani, akizikusanya ovyo kifuani. Tangu mkono uanze kutetemeka ameulizwa kinachouma, kinachowasha, kinachokata. Hilo la leo hajapata kuulizwa.

"Nitafikiri," akasema.

"Fikiri. Hilo halina haraka."

Getini binti akasimama. "Haya, baba. Huyu au yule? Sikuchagulii."

Mzee alitazama barabarani. Watu walikuwa wakipita. Bwana mmoja ukosi wake umesimama upande mmoja. Msichana wa shule sketi imejikunja kama karatasi iliyofungiwa karanga. Vidole vya mzee vikaanza kupapasa hewa, vikinyoosha kitu kisichokuwepo. Zamani asingefika getini bila kusimamishwa na wateja. Sasa walimpita kama nguzo ya taa.

"Nisubiri," alisema, akageuka.

"Umesahau nini?"

Alikuwa ameshaondoka, nyonga na maumivu yake, amejikaza kisabuni. Binti akamfuata nyuma. Mlango wa daktari ulikuwa nusu wazi. Mzee hakuketi.

"Daktari, uliniuliza."

Daktari akaweka kalamu chini. "Nilikuuliza."

Mkono ulikuwa unatetemeka, na safari hii hakuuficha mfukoni.

"Nataka mtu asimame mlangoni kwangu na nguo yake mkononi," alisema, "aniambie, 'Mzee, hii naitaka kesho.'"