Ngozi za Mzee Shimba

Mzee Shimba aliahidi kwa kinywa chake mwenyewe, tena mbele ya mkewe Teodora, ili baadaye asije akaruka. Alimwambia mwanawe Mihayo kwamba msimu utakaopita bila baba yake kuleta ngozi ya mnyama wa kuwinda nyumbani, basi huo ndio msimu wa Mihayo kuja na gari kuwachukua wazee wote wawili wakakae kwake mjini Buhongwa.

Buhongwa aliijua. Alikaa huko alipotibiwa jicho, kwenye baraza la mwanawe, juu ya kiti cha plastiki, akitazama malori ya Shinyanga yakipita na kuulizwa na mkwewe kila saa kama anataka uji. Watu walikuwa wema mno. Wema wa namna ile unaua taratibu, na Shimba alirudi kijijini kwake kando ya ziwa, ng'ambo ya Busisi, akiwa amekonda kuliko alivyokwenda.

Kijijini kulikuwa na nguruwe pori. Walimaliza mihogo, walimaliza viazi, na bwana wanyamapori alikuwa amewaruhusu wanakijiji kuwafukuza mashambani. Basi kila baada ya mavuno vijana walitoka na mbwa na nyavu, wakiongozwa na Obedi, ambaye baba yake alifundishwa kushika mkuki na Shimba huyuhuyu. Nyama iligawiwa kila nyumba. Ngozi haikugawiwa. Ngozi ilikuwa ya mtu mmoja tu, yule ambaye mkuki wake ulitoa damu ya kwanza, hata kama wengine kumi ndio waliommaliza mnyama.

Na misimu mitatu mfululizo ngozi ilikwenda kwa Mzee Shimba. Obedi alimweka palepale, juu kwenye jiwe karibu na matete. Shimba alisikia purukushani, akaona kivuli, akarusha, akapiga ukelele. Halafu aliteremka polepole kwa sababu ya goti lake, na akifika chini kwenye nyavu alikuta nguruwe amekwisha kulala, na kijana mmoja anamletea mkuki wake umelowa. "Huu hapa, babu, tumeuchomoa." Obedi alinyanyua mkono juu, akatangaza, "Damu ya kwanza ni ya mzee!" Wote wakapiga makofi.

Ng'ombe hazeeki maini, Shimba alipenda kusema, na nani angembishia? Ngozi tatu ziliwambwa ukutani sebuleni, zikitazama mlango. Katekista alipokuja kusali, alisali chini yake. Mihayo alipokuja Krismasi alizitazama, akatikisa kichwa, akarudi mjini peke yake.

Siku moja alikuja Luhende. Huyu alikuwa mwindaji mwenzake tangu ujana, mtani wake, aliyeweka mkuki chini zamani baada ya mgongo kumshinda. Shimba hakukosa kumkumbusha jambo hilo kila walipokutana.

"Haya, nisimulie basi," Luhende alisema, akiwa bado na kikombe mkononi. "Lakini simulia kama mwanamume. Lete mkuki."

Hiyo ilikuwa desturi yao wazee. Hadithi ya mnyama haikuanza mpaka mwenye ngozi aingize mkuki wake kwenye tundu lake, wasikilizaji waone chuma kilipopita. Vijana wa leo hawana habari nayo, na hilo ndilo lililowaponza.

Shimba aliteremsha ngozi ya kwanza, akacheka, akashika mkuki wake. Mkuki ule ulifuliwa na Mrongo, mtu wa kabila la wahunzi wa zamani, kwa nyundo ya jiwe, bapa lake pana kama vidole vitatu vya mtu mzima. Aliupeleka kwenye tundu. Ncha iliingia, bapa likakataa. Tundu lilikuwa jembamba, la duara, la mikuki ya vijana iliyochongwa kwa nondo.

Alijaribu lingine. Akateremsha ngozi ya pili, akateremsha na ya tatu. Hakuna hata moja iliyoujua mkuki wake.

Luhende, aliyekuwa na ulimi wa kumchamba mtu mpaka akalia, safari hii aligeuka akatazama ziwa. "Ngozi hukaza ikikauka," alisema kwa upole.

Shimba angependa achekwe. Rafiki akikuhurumia hivyo, ujue umekwisha.

Luhende alipoondoka, Shimba alizirusha ngozi zote jikoni, miguuni pa mkewe. Hakuhitaji kuuliza. Teodora alizitazama, akaendelea kumenya mihogo.

"Nilimwomba Obedi," alisema. "Ningefanyaje, Baba Mihayo? Uliweka ahadi yako ya kijinga. Na mimi nina shamba langu, nina kuku wangu, nina jumuiya yangu. Nikafie barazani kwa mkwe kwa sababu ya mkono wako?"

"Mmenivisha kilemba cha ukoka. Kijiji kizima!"

"Kimekupendeza miaka mitatu. Ulikuwa unakula, ulikuwa unalala, ulikuwa unanitania. Sasa nikuombe radhi kwa lipi?"

Kwa siku kadhaa Shimba alikuwa na hasira, lakini chini ya hasira ile kulikuwa na aibu iliyomuuma zaidi, aibu ya kila neno la majivuno alilolitoa kilabuni wakati watu wakitazama ndani ya glasi zao. Alinoa mkuki. Alimwambia Mungu waziwazi kwamba anaomba mnyama mmoja tu, wa kweli, halafu hatamsumbua tena.

Siku ya msako ilipofika alimsalimia kila mtu kama kawaida. "Shikamoo, babu!" vijana walimwamkia. Obedi akamwelekeza kwenye jiwe lake. Shimba alikubali, akapanda, na mbwa walipoanza kubweka akateremka upande wa pili mpaka korongoni, nyuma ya kichuguu, njia ambayo nguruwe mwenye akili angeipita. Alimjua nguruwe kabla Obedi hajazaliwa.

Hakurusha. Jicho lake halikuwa la kurushia tena, na hatimaye alikuwa amekubali. Alingoja mpaka akasikia pumzi, akaona weusi mbele yake, akausukuma mkuki kwa uzito wa mwili wake wote. Chuma kiliingia. Alikisikia kikiingia, mpaka mabegani. Nguruwe alipiga kelele, akamwangusha chali, akatimka kuelekea nyavuni, na mkuki ukachomoka hatua chache mbele. Shimba aliuokota. Ulikuwa umelowa mpaka kwenye mpini. Alikaa chini kwenye mchanga, akacheka peke yake huku machozi yakimtoka.

Alipofika nyavuni, vijana walikuwa wameshammaliza mnyama.

"Nimempiga mimi!" alisema, akihema. "Kule korongoni. Kwa mkono wangu!"

"Tunajua, babu," mmoja alijibu. Kisha akamgeukia mwenzake, akiona ule mkuki mwekundu, akanong'ona kwa sauti ambayo hata masikio ya mzee yaliipata: "Leo nani kaupaka mapema hivi?"

Obedi alinyanyua mkono. "Damu ya kwanza ni ya mzee, kama kawaida!"

Makofi yalikuwa yaleyale.

Nyumbani Shimba alitandaza ngozi mbichi uani, ikiwa ingali na joto. Ilikuwa na matundu membamba mengi, na moja pana ubavuni. Alimwita mkewe. Teodora alisema kutoka jikoni, "Hongera, mume wangu," kwa sauti ileile aliyompongeza nayo misimu yote mitatu.

"Njoo uone!"

Alikuja, akifuta mikono kwenye kanga. Shimba aliupeleka mkuki kwenye lile tundu pana. Bapa lilipita lote, bila kusukumwa, likakaa. Alimtazama mkewe usoni kama kijana anayeposa.

Teodora aliinama, akaangalia vizuri, akatabasamu. "Umeingia kabisa," alisema. "Huyu Obedi ana moyo jamani. Nilimweleza kuhusu yale matundu, na kweli amekutobolea la saizi yako."

Mzee Shimba alibaki ameinama. Kisha aliuchomoa mkuki polepole, akaufuta kwa majani, akauegemeza ukutani.

"Mpigie simu Mihayo," alisema. "Mwambie msimu huu sikupata kitu."