Kisahani Ambacho Hakikutua

Jumatano ya pili ya mwezi wa nane, mwaka wa 1966, wanafunzi wa darasa la saba wa shule moja ya misheni karibu na Chakol walikaa barazani wakishona pindo za shuka. Shuka zilikuwa ishirini na mbili na watoto ishirini na tisa, kwa hiyo saba kati yao walipewa magunia ya pamba yaliyofuliwa na kukatwa matundu ya kichwa na mikono. Apeduno alikuwa mmoja wa hao saba. Hakulalamika. Gunia lilimfunika magoti, na mama yake, Akurut, alikuwa amekwisha kumwambia kwamba msichana wa miaka kumi na minne hakimbii mbele ya wazee akiwa amejifunga shuka begani.

Aliyeleta mambo ya shuka ni mwalimu mkuu, Bwana Etyang. Alikuwa amesoma ng'ambo miezi tisa, akarudi na kitabu chenye picha za Wayunani wa kale wakikimbia, wakirusha mikuki na kupigana mieleka. Aliwaeleza watoto kwamba hao ndio mababu wa wale Wayunani ambao Paulo aliwahubiria, na kwamba siku za michezo yao vita vilisimamishwa na hakuna mtu aliyethubutu kudanganya, kwa kuwa walishindana mbele ya miungu yao. Mshindi hakupewa fedha. Alivikwa taji la majani.

Katika michezo ya shule, iliyoiga ile ya Wayunani, taji lingekuwa la majani ya mpera, na pamoja na taji kulikuwa na barua. Kamati ya michezo ilikuwa imeandika kwamba mtoto atakayepata mataji mengi katika michezo mitano atasomeshwa sekondari ya bweni kwa miaka minne bila karo. Barua ilisema mtoto. Mwalimu Ekisa, kijana aliyefundisha hesabu, aliisoma mara tatu mbele ya wenzake, kisha akasema kwamba msichana naye ni mtoto. Walimu walilifikiria jambo hilo tangu saa nne hadi saa sita mchana, wakakubali, isipokuwa kwenye mieleka.

Alhamisi lori la pamba liliwapeleka Amagoro. Walipiga kambi chini ya mawe makubwa, ndani ya maturubai yaliyoazimwa kwa wafanyabiashara wa Busia, yakiwa bado yananuka dizeli na samaki mkavu. Jioni walikula ugali wa wimbi na kunde, wakaimba. Kisahani, kile cha kurusha katika mchezo wa tano, kilifika kesho yake asubuhi. Kilitengenezwa na Mutwalibu, fundi wa magari wa Burumba, kwa chuma alichokikata kwenye ngoma ya breki. Alikileta mwenyewe kwa baiskeli, kimefungwa katika kanzu kuukuu.

"Hii ina uzito wa haki," alimwambia Mwalimu Ekisa. "Nimeipima kwa mizani ya dukani kwa ndugu yangu. Akirusha mtu, imerushwa."

Apeduno alikishika, akakigeuza mkononi. Tangu alipokuwa na miaka mitano kazi yake ya kila msimu ilikuwa kukaa juu ya kichuguu katikati ya wimbi la mama yake na kuwarushia ndege madonge ya udongo. Alijua mkono peke yake hauna nguvu, nguvu inatoka kisiginoni, inapanda kiunoni, inaishia kidoleni. Hakuna aliyemfundisha. Ndege walikuwa wengi na wimbi lilikuwa moja.

Ijumaa hiyo alishinda mbio, akashinda na kuruka. Mkuki ulichukuliwa na Ongodia, mvulana mpole mwenye mabega mapana, na mieleka pia ikawa yake. Ongodia alikuwa mwana wa Diwani Ojakol, na Diwani Ojakol ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandika barua. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Apeduno alikuwa na mataji mawili, Ongodia mawili, na kilichobaki kilikuwa kisahani. Diwani alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka kivulini karibu na kamba ya kupimia.

Ongodia alirusha kwanza. Kisahani kilianguka kwenye nyasi, Mwalimu Ekisa akavuta futi ya kupimia, akasoma yadi ishirini na saba, akapigilia kigingi hapo. Watu wakapiga makofi. Diwani akapiga makofi kidogo kuliko wengine, kama mtu ambaye hakuwa na wasiwasi.

Apeduno alisimama katika gunia lake. Alizunguka mara moja na nusu, akaachia.

Kisahani kilipanda. Kilipita kigingi cha Ongodia, kikapita maturubai, kikapita chungu cha kunde na wanawake waliokuwa wakikoroga, kikapita mawe ya Amagoro, kikapinda upande wa Malaba. Baada ya dakika chache kilirudi kutoka upande wa pili, kwenye kimo cha mwewe, kikivuma kama cherehani. Kilizunguka kambi, kikaenda tena.

Mwalimu Ekisa alisubiri na futi yake. Kisahani kiliporudi alikifuata chini chini, akikimbia huku ameangalia juu, hadi futi ikamwishia mkononi. Akarudi akaketi. Watoto nao wakaketi. Saa sita wanawake walipakua chakula, watu wakala, na kila kisahani kilipopita juu waliinua macho, wakahesabu, wakarudi kwenye sahani zao. Saa tisa kilikuwa kimepita mara thelathini na moja.

Saa kumi Diwani Ojakol aliangalia saa yake.

"Mwalimu, hawa watoto watapewa matokeo lini?"

Bwana Etyang alifungua kitabu chake cha Wayunani, akafungua na kijitabu cha kanuni za michezo. Alisoma kwa muda mrefu, kidole kikifuata mstari.

"Kanuni inasema tunapima hadi pale kilipoangukia," alisema. "Hiki kimeangukia wapi?"

"Hakijaanguka, Bwana," Mwalimu Ekisa alijibu. "Lakini kimepita kigingi cha Ongodia. Sisi sote tumekiona kikipita."

"Kupita si kuanguka."

"Kimekipita mara thelathini na sita sasa."

"Ekisa, mimi sikatai. Macho ninayo. Nakuuliza yadi. Niandike yadi ngapi?"

Mwalimu Ekisa aliikunja futi yake. Hesabu ndilo somo lake na hakuwa na namba ya kumpa. Bwana Etyang akaandika sifuri. Mwalimu Ekisa aliichukua kalamu, akaandika pembeni ya ile sifuri: bado kiko hewani. Diwani akaomba ukurasa ule uandikwe upya, kwa sababu haukuwa safi.

Apeduno aliyasikia yote hayo akiwa amesimama palepale aliporushia, maana hakuna aliyemwambia aondoke. Hakuwa ameona ajabu yoyote katika kisahani. Alikuwa amekirusha kwa nguvu zake zote na kilikuwa kimekwenda kama inavyopasa kitu kilichorushwa kwa nguvu zote. Alichoshindwa kuelewa ni jinsi watu wazima walivyoweza kukitazama chuma kikipita juu ya vipara vyao, kisha wakainama na kuandika hakuna.

Taji la tano alivikwa Ongodia. Alipoitwa hakusogea.

"Baba, ya Apeduno imeenda mbali," alisema.

"Inama uvikwe," Diwani akamwambia.

Ongodia akainama. Mataji matatu yalimfika puani, ikabidi ayashike kwa mkono wakati wa kupigwa picha. Kisha Diwani akauliza kisahani cha shule kiko wapi. Akaelezwa kwamba kiko juu. Akasema mali ya shule iliyotoka mikononi mwa mtu bila kurudishwa imepotea, na aliyeipoteza anajulikana. Apeduno akapewa adhabu ya kufyeka nyasi za uwanja wa shule kwa wiki mbili. Alipokuwa akifyeka, kivuli cha kisahani kilimpitia mgongoni mara kumi na mbili kwa siku.

Mama yake alifika kambini Jumapili, misa ya kambi ikiwa imekwisha, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Bwana Etyang alikuwa akisimamia kukunjwa kwa maturubai. Akurut hakukubali kuketi.

"Mwalimu, hiyo chuma imepita kwangu jana. Leo imepita tena nikiwa njiani. Ni ya mtoto wangu?"

"Ni yake, mama."

"Kwangu ni Chakol. Nimetoka nyumbani kabla jua haijatoka, na hapo mguu yangu haijapumzika. Hiyo kijana mwingine, yake ilifika wapi?"

Bwana Etyang akamwonyesha kigingi. Akurut alikwenda hadi kwenye kigingi, akasimama, akarudi. Haikumchukua muda.

"Mtoto yangu ametupa mpaka kwangu," alisema, "na huyu ametupa mpaka hapo, na nyinyi mmesema huyu ndiye ametupa mbali."

"Mama, ni kanuni. Kingeanguka hata hapo nyumbani kwako, ningepanda baiskeli nije nipime. Naapa."

"Kwa hiyo kosa lake ni kutupa sana."

Bwana Etyang alivua miwani, akaifuta kwa tai. Alikuwa mtu mwema kwa njia nyingi. Alimwambia Akurut kwamba anaweza kukata rufaa kwa kamati, na akampa karatasi mbili. Akurut hakujua kuandika. Barua iliandikwa na Mwalimu Ekisa, karatasi zote mbili, pande zote, na mwezi wa kwanza Mwalimu Ekisa akahamishiwa shule nyingine mbali sana, ambako hakukuwa na michezo. Lori lililombeba ndilo lililompeleka Ongodia bwenini.

Apeduno alifanya mtihani wa darasa la saba akapita vizuri. Shule mbili zilimwita. Akurut aliuza mbuzi aliokuwa nao, wakatosha sare na sanduku, hawakutosha karo. Sanduku likawekewa mbegu za wimbi. Apeduno alianza kulima pamba, shamba la nyumbani na mashamba ya watu.

Kisahani kiliendelea. Mwaka wa pili mzunguko wake ulipanuka, kikawa kinaingia Uganda na kurudi, na wanawake waliokuja sokoni Malaba kutoka Tororo walisema kwao kinapita wakati wa kuinjika chai ya saa kumi. Walinzi wa mpakani walikizoea. Kamati ilitangaza kwamba michezo itaendelea kila mwaka, na ikaongeza kanuni moja, kwamba mrushaji asirushe wakati kisahani cha zamani kinapita, kisije kikagongana na kipya. Bwana Etyang alifundisha kanuni hiyo pamoja na zile za Wayunani. Kamati haikujibu barua.

Ilijibu mwaka wa 1969, mwezi wa pili, msimu wa kuvuna. Bwana mmoja wa kamati alifika Chakol kwa Landrova akiwa na faili na darubini ya miguu mitatu. Alisimamisha gari uani kwa Akurut, akaifunga darubini barabara, akasubiri. Saa saba kasoro kisahani kilipita. Alikitazama tangu mwanzo hadi mwisho, akaandika, akasubiri kipite tena, akaandika. Alikuwa mtu makini. Kisha akawaita Apeduno na mama yake.

"Nimethibitisha," alisema. "Kisahani kipo na kinakwenda. Hakuna mtu katika kamati anayekataa. Rufaa yenu ni ya kweli, ila imekuja mapema."

"Mapema," Akurut akasema.

"Hatuwezi kupima kabla hakijatua. Kitakapotua, leteni habari."

Apeduno alikuwa na miaka kumi na saba. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo ya vikonyo vya pamba, na alikuwa ameiacha kazi kuja kusikiliza.

"Kikitua leo je?" aliuliza.

"Kikitua leo tutapima leo. Futi ninayo kwenye gari."

"Kisha nitaenda shule?"

Yule bwana alifungua faili, akasoma ile barua ya kwanza, akaifunga.

"Nafasi ni ya mtoto wa darasa la saba," alisema. "Wewe sasa si mwanafunzi, dada. Na miaka minne ile imeshachukuliwa, kijana yuko kidato cha tatu. Lakini utapewa taji. Hilo naweza kukuahidi, hata kwa maandishi."

Akurut alimtazama binti yake. Kwa miaka miwili na nusu alikuwa akimwombea kila usiku yule mtoto wake aliyetupa mbali kuliko wote, na sasa alitaka aseme neno, lolote, hata tusi. Apeduno alikuwa akiliangalia gari. Asubuhi alikuwa ameanika pamba uani juu ya mikeka, mavuno ya siku tisa, na Landrova ilikuwa imeegeshwa juu yake, magurudumu yote manne.

"Bwana," alisema, "tafadhali sogeza gari. Umekanyaga pamba."

Yule bwana aliomba radhi kwa dhati. Aliingia garini, akawasha, akasogea mbele, juu ya mkeka uliobaki, akasimama hapo ili amalizie kuandika.