Kilima Kinacholala Jumapili

Koplo Odur alikuwa anafunga kamba za buti, mguu mmoja juu ya kigoda, alipomwambia mkewe amsindikize mgeni. Zamu yake ya lango ilikuwa imekaribia, na mgeni alikuwa ameshaaga mara mbili bila kuondoka. Mezani palikuwa na sahani za mchana na nusu ya mkate. Mgeni huyo, Cleopas Owuor, Mkenya aliyefanya kazi katika kiwanda cha mikate mjini, hakuwahi kuja mikono mitupu, na mwaka ule wa 1976 mtu mwenye mkate Kampala alikuwa mtu wa kuombewa maisha marefu.

"Akullo, peleka mgeni," alisema Odur. "Mimi nakwenda geti."

Hakuwa na neno baya moyoni. Mgeni haondoki peke yake kama mwizi. Husindikizwa, na anayemsindikiza hageuki mpaka mgeni mwenyewe aseme, "Basi, rudi sasa." Ndivyo ilivyo Lira alikotoka Odur, ndivyo ilivyo Kisumu alikotoka Owuor, na Waganda nao hawataki kusikia vingine. Akullo akavaa viatu vyake vya kanisani, akatoka na mgeni. Odur, akiwa ameshashika lindo lake kwenye lango la kambi ya polisi ya Naguru, akawaona wakianza kuteremka barabara.

Hapo kilima kikalala.

Kilianza upande wa Bukoto, kama ng'ombe anavyokunja magoti ya mbele kwanza, kisha kikashuka chote taratibu, na nyumba za askari zikashuka nacho. Masufuria hayakumwagika. Nguo zilizoanikwa ziliendelea kukauka. Barabara iliyokuwa mteremko ikawa sawa kama meza, na wale wawili wakaipita wakizungumza, bila kuangalia miguu yao. Walipofika Kamwokya kilima kikainuka, na Odur akajikuta yuko juu kama kawaida, bunduki begani.

Wahenga walisema milima haikutani. Hawakusema kwamba hailali.

Jumapili iliyofuata kikalala tena, na nyingine, na nyingine. Matembezi yenyewe hayakuwa na makuu. Walishuka Naguru, wakapita Kamwokya kwenye vibanda vya wachoma mahindi, wakakaa kidogo kwenye bustani ya makumbusho kusikiliza ngoma zikijaribiwa ndani, halafu wakafuata njia ya bondeni penye mafunjo, wanakosimama korongo, kuelekea Kyebando alikopanga Owuor. Lakini Owuor alilelewa vizuri. Hakuweza kumwacha mke wa mtu arudi peke yake, basi naye alimsindikiza mpaka juu. Na kwa kuwa alikuwa amefika tena kwa mwenyeji, ilibidi asindikizwe tena, angalau hadi kwenye kona. Ndivyo msindikizo unavyokuwa kwa watu wasiotaka kuachana.

Wanawake wa kambini walizoea upesi. Mabomba ya Naguru yalikuwa yamekauka muda mrefu, na maji yalichotwa kwenye chemchemi ya chini. Nusura, mke wa dereva, Mnubi mwenye mdomo na mkono mwepesi wa maandazi, ndiye aliyepanga mambo. Jumapili wanawake walijaza madebe mapema, wakakaa kwenye nyasi wakimngoja Akullo arudi na mgeni wake.

"Mama Akidi anakuja," Nusura alisema akiwaona kwa mbali, akimwita Akullo kwa jina la mwanawe. "Haya, simameni. Mlima nalala sasa hivi."

Nao walipanda Naguru bila kupanda, madebe kichwani, maji hayatikisiki. Bibi mmoja mgonjwa wa magoti, ambaye hakuwa ameona mji tangu Pasaka, alianza kwenda kanisani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli kambi nzima ilipona, isipokuwa mwenyeji mwenyewe.

Odur aliona wivu. Tuseme wazi, maana yeye hakusema. Miaka yote ya utumishi wake alikipanda kilima kile kwa buti, jua na mvua, mara nyingine na mzigo, na hakikumpunguzia hata unyayo mmoja. Akullo alikuwa mke wake kwa ng'ombe waliohesabiwa mbele ya watu. Alimtoa Lira yeye, si mwingine. Watoto wao walikuwa huko kwa bibi yao, wana pua yake. Sasa ardhi ya serikali ilikuwa inamlalia mwoka mikate.

Alianza kwa kupima, kwa kuwa alikuwa polisi. Jumapili moja alibadilisha zamu akatembea na mkewe yeye mwenyewe. Alitangulia kama alivyozoea, Akullo akafuata nyuma. Hawakuwa na la kuzungumza. Waliporudi, kilima kilisimama wima mbele yao, na Odur aliona kama kimeongezeka. Wanawake wa madebe wakapanda nyuma yao wakihema.

"Afande," Nusura alimwambia pale juu, maji yakimchuruzika usoni, "leo mlima iko na nini?"

Jumapili ya pili alimsindikiza Owuor yeye peke yake. Kilima hakikutikisika. Katikati ya juma alimtuma Akullo sokoni peke yake. Hakikutikisika. Basi haikuwa Akullo, wala haikuwa Owuor. Ilikuwa wao wawili, na hilo ndilo jibu alilokuwa hataki.

Akawafuata. Alivaa shati la raia na kofia ya shemeji yake, akajificha nyuma ya miti ya makumbusho, kisha nyuma ya mafunjo, mpaka akawa karibu nao kiasi cha kusikia. Alikuwa amejiandaa kwa neno lolote.

"Shemeji," alisema Owuor, "ule mti pale juu ni mti gani?"

"Ule mvule. Kwetu iko mingi."

"Kwetu tungeshaukata zamani, tukatengeneza viti."

"Ndiyo maana nyinyi watu wa Kisumu mnakaa tu," alisema Akullo, akacheka.

Odur hakuwa anajua kwamba mkewe anacheka hivyo, kwa sauti ya chini, isiyo na haraka. Alingoja zaidi. Walizungumza juu ya sabuni, kwamba ya siku hizi haitoi povu. Walibishana kama korongo anasimama mguu mmoja kwa uchovu au kwa maringo. Owuor akaeleza jinsi unga unavyonuka alfajiri, na Akullo akamuuliza maswali, mengi, kama mtu anayetaka kwenda kuufanya mwenyewe. Hawakugusana hata kidole. Hadi mwisho wa njia Odur hakusikia neno moja la mapenzi.

Angelisikia, angejua la kufanya. Mgoni anashikwa, wazee wanakaa, ng'ombe wanatolewa, mambo yanakwisha. Mazungumzo hayana faini. Alirudi kambini akipanda peke yake, na usiku ule hakula.

Kulikuwa na ofisi moja mjini isiyo na kibao mlangoni. Kila mtu aliijua kwa kutoitaja. Odur alikwenda huko Jumatatu akiwa amevaa sare safi. Mtu wa miwani myeusi alikuwa amekaa nyuma ya meza tupu, anakula karanga.

"Iko Mkenya mmoja," alisema Odur. "Anatembea."

"Anatembea kwenda wapi?"

"Hapana kwenda mahali, afande. Anatembea tu. Anatazama miti, anatazama nyumba. Anauliza hii ni nini, ile ni nini."

Mtu wa miwani akaacha karanga. Tangu Julai, ndege za kigeni ziliposhambulia uwanja wa ndege na Kenya ikalaumiwa kwa kuzisaidia, Mkenya yeyote Kampala alikuwa akitazamwa kama kuku aliyeingia jikoni. "Mtu hapana kwenda mahali lakini anatembea," alisema. "Huyo ni mpelelezi. Jina?"

Odur akataja jina. Hakusema uongo hata mmoja, na hilo lilimfariji njiani. Lilimfariji pia jambo jingine ambalo hakulifikiria sana. Yeye ni mtu wa Lira, na tangu rais wa upande wao apinduliwe, watu wa Lira waliobaki kwenye kazi ya serikali walikuwa wachache na walitembea karibu na ukuta. Aliyepeleka jina la mwenzake, lake huwa linasubiri kidogo.

Jumapili ile Owuor alikuja na mkate kama kawaida, akala, akaaga mara mbili. Odur aliikazia macho sahani yake. "Akullo, peleka mgeni," alisema, na sauti yake haikubadilika.

Kilima kikalala. Walikuwa hawajafika mbali gari jeupe lilipopanda kutoka chini, taratibu, bila dereva kubadilisha gia, kwa kuwa hapakuwa na cha kupanda. Watu wawili wakashuka. Walikuwa na adabu. Walimwomba Bwana Owuor aingie, wana maswali madogo.

Owuor aliwatazama, akaangalia barabara iliyonyooka, kisha akamgeukia Akullo.

"Basi, shemeji," alisema. "Rudi sasa."

Akullo hakurudi. Alisimama pale mpaka gari lilipopita Kamwokya, na muda wote huo kilima kililala, na gari likaenda vizuri. Odur aliona yote kutoka langoni. Kisha kilima kikainuka, na wanawake wa madebe, ambao walikuwa bado chini, ikabidi wapande.

Akullo alilia kwenye chemchemi, wala hakujificha. Nusura alimshika mabega akimwambia, "Pole, mama Akidi, pole sana," na wengine waliendelea kuchota. Kila mtu alijua nani amepeleka jina, na kila mtu alilimeza, maana mdomo ulikuwa umeponza wengi. Kiwandani walimweka mtu mwingine kwenye tanuri. Kule Kyebando mwenye nyumba alingoja kidogo, akapangisha chumba.

Jumapili iliyofuata, baada ya kuosha vyombo, Akullo alivaa viatu vya kanisani akapita langoni.

"Wewe nakwenda wapi?" Odur alimuuliza.

"Nasindikiza mgeni."

Alishuka barabarani, akiwa kando kidogo, upande wake wa kulia pakiwa na nafasi ya mtu. Kilima kikakunja magoti upande wa Bukoto, kikalala. Nusura akawaita wenzake. Bibi wa magoti akatoka na Biblia yake. Walimsalimia Akullo, wakaitikiwa, na mmoja wao akaelekeza kichwa kwenye ile nafasi kama mtu anavyomsalimia mgeni asiyemzoea sana.

Odur hakulala. Alirudi kwenye ofisi isiyo na kibao.

"Yule Mkenya," alisema. "Bado anatembea na bibi yangu."

"Yule alikwisha," alisema mtu wa miwani.

"Najua, afande. Bado anatembea."

Yule mtu alilichukulia jambo hilo kwa uzito, hakucheka. Alifikiri, akatafuna. "Sisi tunachukua mtu mara moja," alisema mwishoni. "Mara ya pili siyo kazi yetu. Kama iko jina lingine, leta." Halafu akamuuliza kuhusu kilima, kinalala saa ngapi, kinachukua muda gani. Petroli ilikuwa shida, na magari yao yalikuwa mazito siku hizi.

Mwezi haukwisha Odur akawa sajini. Magari meupe nayo yakaanza kuja Jumapili. Yalingoja chini, karibu na chemchemi, injini zimezimwa, vioo vimefungwa, nyuma ya foleni ya madebe. Akullo aliporudi yalipanda nyuma ya wanawake, polepole, bila kelele. Nusura aliacha kugeuka kutazama. Wanawake walizungumza habari za chumvi. Akullo angeweza kukaa nyumbani, na kuna waliofikiri atakaa. Lakini mgeni alikuwa mgeni wake, na hakuna aliyemwambia arudi isipokuwa mara ile moja, ambayo hakuikubali.

Sajini Odur alivumilia kadiri alivyoweza. Alijaribu kumpiga marufuku mkewe, akasikia mwenyewe jinsi neno lile lilivyokuwa dogo. Alijaribu kuzungumza naye wakati wa chakula. Alimuuliza habari za sabuni. Akullo alimjibu kwa heshima kwamba ipo, na akaondoa sahani.

Mwishowe Jumapili moja aliomba ruhusa ya zamu, akapiga buti rangi, akamngoja mkewe mlangoni.

"Leo na mimi nakwenda," alisema.

"Njoo," alisema Akullo.

Kilima kikalala. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Odur aliihisi barabara ya Naguru ikiwa sawa chini ya buti zake. Pumzi ilimtulia. Upepo wa bondeni ulikuja na harufu ya mafunjo, mahindi yalikuwa yanachomwa Kamwokya, na magoti yake, ambayo hakuwa ameyaambia mtu kwamba yanamuuma, hayakumuuma. Ni aibu kusema, lakini alifurahi. Akaharakisha hatua ili safari hii asitangulie wala asibaki nyuma, awe sambamba na mkewe, upande wa kulia, kama watu wanavyotembea.

"Sogea kidogo," alisema Akullo bila kumtazama. "Hapo pana mtu."

Odur akasogea. Alitembea kwenye majani, ukingoni mwa mtaro, mpaka Kamwokya na mpaka makumbusho, akitega sikio, na bado aliona wivu.