Njia ya Ng'ombe wa Mwenyekiti

Mke wangu Zamda tulimzika kwenye shamba letu wenyewe, ndani kidogo kutoka Kabuku, mahali mahindi yalipokutana na mihogo. Shamba hilo baba yake alitukatia siku tulipooana. Alisema mbele ya watu kwamba linakuwa letu wote wawili, mtoto wa manamba naye apate pa kusimama. Maana mimi ni mtoto wa manamba. Baba yangu aliletwa kutoka Unyamwezi kukata mkonge, akakata mpaka mgongo ukakataa kunyooka, akafa hana hata tuta moja la viazi. Jina langu Deogratius. Nilipomwoa Zamda nilisilimu wakanipa jina la Zaidi, lakini kijiji kizima kinaniita Deo mpaka leo.

Siku ya mazishi, shehe alipomaliza dua akauliza kama inavyoulizwa: kuna anayemdai marehemu, au aliyeahidiana naye jambo? Aseme, au amwone mumewe. Kwa kawaida watu huinamisha vichwa wakanong'ona kwamba wamemsamehe. Siku ile Mhina akanyanyua mkono.

Mhina ndiye mwenyekiti wetu wa kijiji. Halafu ni mtani wangu, yeye Mzigua, mimi Mnyamwezi, utani wa tangu enzi za misafara, babu zetu wakipita huku na mizigo vichwani. Msibani mtani ana ruhusa ya kila kitu. Anaweza kujilaza ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka apewe jogoo. Hakataliwi, wala haulizwi sababu. Ndivyo tulivyolelewa.

"Mimi na Zamda tulikuwa na jambo letu," Mhina akasema. "Sitalitaja hapa, maiti naye ana haya. Nataka kujua tu, huyu mpagazi wetu atalibeba, au atalitupa njiani kama babu zake?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, machozi yananichuruzika.

"Nyie Wanyamwezi si kazi yenu kubeba?"

"Lete," nikamwambia. "Nitalibeba."

"Mmesikia?" Akawageukia watu. "Jamani, mmesikia wote?"

Wakaitika kwamba wamesikia. Nilimshukuru moyoni kwa kunichekesha siku kama ile. Ndio ujinga wangu huo.

Matanga yalipoanuliwa, wageni wakiwa wanakunja mikeka, akaja tena. Safari hii hakuja na utani. Alikuja na mtendaji wa kijiji, karatasi iliyopigwa chapa, na kile kidau cha wino. Akaketi kwenye kigoda cha Zamda bila kukaribishwa.

"Lile jambo, Deo. Tuliweke sawa."

Akanisomea mstari wa kwanza, kwamba yeye na marehemu waliahidiana. Nikasubiri asome mingine.

"Hiyo mingine lugha ya serikali tu," akasema. "Hata mimi inanipita."

"Niachie, nitatafuta wa kunisomea."

Mhina akamtazama mtendaji, mtendaji akatazama kuku. "Shemeji," Mhina akasema, sasa kwa sauti ya chini, "ulisema mbele ya kaburi. Ukichelewa, neno lako litamlalia Zamda kifuani. Wewe ndiye utakayemzuia asipumzike? Na mimi mwenyekiti wako, kesho ukija ofisini kutaka mhuri, nikuone mtu wa aina gani?"

Nani asiyejua mhuri wa mwenyekiti? Bila huo huandikishwi mbolea ya ruzuku, hupati barua ya utambulisho, hata ukiibiwa mbuzi hakuna wa kukusikiliza. Lakini nisimsingizie mhuri peke yake. Lililonikamata ni lile la Zamda kulaliwa kifuani. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Miezi yake ya mwisho alilala ameketi, mgongo kwenye ukuta, anaitafuta pumzi kama mtu anayetafuta sindano gizani. Mhina alilijua hilo, alikuja kumjulia hali mara nyingi. Nikaweka dole gumba.

Mahindi hayajakauka vizuri, trekta likaja. Nilikimbilia ofisi ya kijiji nikiwa na jembe mkononi.

"Mpagazi! Mbona unahema?" Mhina akasema. "Tua mzigo kwanza."

"Kuna trekta shambani kwangu."

"Kwako wapi? Marehemu aliniuzia, na wewe ukathibitisha kwa dole lako. Nimempa tajiri mmoja apande mkonge. Siku hizi mkonge una heshima, hujui? Wewe mtoto wa mkonge ungefurahi."

"Na kaburi?"

"Kaburi tutalikwepa. Mimi si mnyama."

Bila shamba sikuwa na pa kusimama, nikaondoka kijijini nikaenda kujibanza kwa dada yangu Mkumbara. Mtu mzima mwenye mvi, nalala sebuleni kwa shemeji yangu, nasubiri watazame taarifa ya habari wamalize ndipo nitandike. Walioapa kutulinda walikuwa wameketi ofisini chini ya bendera. Polisi waliniambia hiyo ni kesi ya ardhi. Diwani aliniambia nirudi kwa mwenyekiti wangu wa kijiji.

Dada ndiye aliyenipeleka Kwamndolwa, kwa binti mmoja anaitwa Rhoda, msaidizi wa sheria. Ofisi yake chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akaisoma mara mbili nakala ya ile karatasi, niliyopewa polisi. "Hapa pameandikwa mkeo aliuza shamba lote enzi za uhai wake, akapokea malipo yote, na wewe mumewe uliridhia na unathibitisha. Dole hili la nani?"

"Langu. Lakini hayo maneno si yangu."

Nikamweleza yote. Akanisikiliza bila kuangalia simu, jambo ambalo hakuna mkubwa aliyewahi kunifanyia. Kisha akanieleza kwa namna ambayo hata mimi wa darasa la nne nilielewa. Mkataba si karatasi, alisema, mkataba ni watu wawili kukubaliana kitu kimoja, kila mmoja kwa hiari yake. Ukidanganywa juu ya kile unachokubali, hiari hakuna. Ukitishwa, hakuna. Mwenye madaraka juu yako akikubana wakati umevunjika moyo, akatumia ukubwa wake na huzuni yako kukuvuta, hapo pia hakuna, hata kama hakukushika mkono. Mkataba wa namna hiyo una ugonjwa, na baraza la ardhi linaweza kuubatilisha.

"Basi tumeshinda," nikasema.

"Bado. Wataleta neno lako la kaburini, na kijiji kizima ni mashahidi. Itabidi useme barazani kwamba hukuridhia."

Nikatikisa kichwa.

"Neno la kaburini halirudishwi, mwanangu. Nikilirudisha, linamrudia yeye. Mimi nimemwona alivyokuwa akipumua."

Sikutegemea mtu wa sheria aelewe. Lakini hakunicheka. Akauliza tu, "Kwani uliridhia nini, baba? Mkeo alimwahidi Mhina kitu gani hasa?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

"Mtani haulizwi."

Rhoda akaweka kalamu chini. "Sasa kaulize."

Nikarudi kijijini kama mwizi, nikaingilia njia ya nyuma mpaka kwa Shamimu, dada yake Zamda. Yeye ndiye aliyemuuguza. Nilimkuta anapepeta mahindi uani. Nilipomtajia ahadi ya Mhina akasimamisha ungo hewani.

"Njia," akasema.

"Njia gani?"

"Ya ng'ombe wake, shemeji. Kiangazi bwawa la juu linakauka, akaomba ng'ombe wapite shambani kwenu waende kunywa mtoni. Zamda akamkubalia. Nilikuwa palepale namkorogea uji. Mhina naye alipewa kikombe, akalalamika tangawizi imezidi."

Nikaketi kwenye kinu. "Njia tu?"

"Njia tu."

"Mbona hukusema, Shamimu? Trekta limeingia, mimi nimefukuzwa, wewe umekaa kimya!"

"Wewe ulisema mbele ya watu unabeba. Nikadhani unakijua unachobeba." Akaanza tena kupepeta, kwa nguvu, makapi yakanijia usoni. "Na jina langu la msaada wa kaya maskini analishika nani? Si yeye? Usinigombeze, Deo. Na mimi naogopa kama wewe."

Shamimu alikuja barazani hata hivyo, ila si mara ya kwanza. Mara ya kwanza kesi iliahirishwa kwa sababu Mhina anaumwa. Kisha wakili wake ana udhuru. Kisha mwenyekiti wa baraza yuko semina. Kila tukiahirishwa mkonge unazidi kuota, mimi narudi Mkumbara na mfuko wangu wa plastiki. Wenye madaraka wana wakati. Wakati wao unatengenezwa kwa wetu.

Siku ilipofika, Rhoda alikaa nyuma kwa sababu haruhusiwi kunisemea. Wakili wa Mhina akasimama, kijana mwenye viatu vyenye ncha.

"Mzee Deogratius, ulisema au hukusema 'nitalibeba'?"

"Nilisema."

"Mbele ya kaburi la mkeo?"

"Ndiyo."

"Leo umekuja kulikana neno ulilompa marehemu?"

Nilimwona Mhina anatabasamu. Alikuwa amelilenga hilo tangu mwanzo, anajua siwezi.

"Silikani," nikasema. "Nalibeba mpaka leo. Nilibeba njia ya ng'ombe, wao wakaniandikia shamba. Ninachokikana ni hiyo karatasi."

Wakaitwa mashahidi. Shamimu alisimama, khanga ameikaza kidevuni. Mhina akadakia kabla hata hajaulizwa, "Huyu atasema nini? Hakuwepo!"

"Sikuwepo? Nani alikukorogea uji ukasema una tangawizi kama dawa ya punda? Ukanywa na cha pili!"

Watu wakacheka, na Mhina mwenyewe kicheko kikamponyoka kabla hajakizuia. Mwenyekiti wa baraza aliona. Akamwita mtendaji, akamuuliza kama alishuhudia marehemu akiuza. Mtendaji akasema yeye aliandika alivyoambiwa. Kama mzee huyu alisomewa? Alisomewa kidogo. Kidogo kiasi gani? Mtendaji akaangalia chini, na barazani hapakuwa na kuku.

Mkataba ukabatilishwa. Walisema ridhaa yangu ilipatikana kwa udanganyifu na kwa shinikizo la mwenye mamlaka, shamba lirudi kwangu. Rhoda alinishika mikono yote miwili. Mhina hakufanywa kitu. Ni mwenyekiti mpaka hivi ninavyosimulia, mhuri uko kwenye droo yake.

Nikaenda shambani na Shamimu asubuhi iliyofuata. Mkonge umesimama mistari mistari, kutoka barabarani mpaka kule chini mtoni, kila mstari sawa na mwenzake. Kaburi la Zamda lilikuwa na mawe mawili na mche wa mnyaa nilioupanda kwa mkono wangu. Hapakuwa na mawe. Hapakuwa na mnyaa. Dereva wa trekta analipwa kwa ekari, nani atamfundisha kukwepa?

"Ilikuwa hapa," nikasema.

"Hapana, shemeji. Huku zaidi. Tulisimama jua likiwa usoni."

"Jua lilikuwa mgongoni."

Tukazunguka mpaka miiba ikatuchana miguu. Kila mahali palifanana na pengine. Mwisho Shamimu akaketi chini, akalia palepale alipo, kwa kuwa popote pangeweza kuwa ndipo.

Kiangazi kimeingia. Bwawa la juu limekauka. Jana nilisikia kengele, nikawaona ng'ombe wa Mhina wamejazana kwenye mpaka wa shamba, ndimi nje, mchungaji wao ananitazama na fimbo begani asijue aseme nini.

Nilikuwa na panga. Nikaanza kukata mkonge kufungua njia, mmoja baada ya mwingine, nimeinama vilevile kama baba. Nilipofika katikati nilisimama. Nikipinda kulia, huenda Zamda yuko kulia. Nikinyoosha, huenda nawapitisha ng'ombe juu ya kifua chake. Sina wa kumuuliza.

Nikanyoosha. Ng'ombe wakapita wakikimbilia maji, na mimi nikabaki nimesimama pembeni natazama kwato zao.