Cheti cha Glavu Nyeusi

Mpira ulikatika kabla ya chai ya saa nne. Mildred alikuwa amekata kipande kwenye glavu nyeusi na kukitia katika chupa ya tindikali saa mbili asubuhi. Mpira wa maana hukaa humo wiki nzima ukatoka na nguvu zake. Hiki alikitoa kwa koleo kimevimba, kimelainika kama muhogo uliolowekwa. Akakibana kwenye mashine ya kuvuta mpira mpaka ukatike. Mshale haukufika hata alama ya tatu.

Alijaribu vipande sita, kutoka glavu sita. Vyote vile vile. Akaandika daftarini: *Zimeshindwa.*

Huu ulikuwa mwaka wake wa nne katika maabara hiyo ya Tororo, nyumba ya bati nyuma ya stesheni, ambako viwanda vilileta mipira, mabomba ya plastiki na magunia vipimwe nguvu kabla ya kununuliwa. Uhuru ulikuwa na miaka mitano. Glavu hizi ziliagizwa na kiwanda cha ngozi kilichokuwa njia ya Busia, na humo ndimo mdogo wake Ofumbi alimokuwa akimimina tindikali kutoka kwenye mitungi ya kioo.

Saa sita aliitwa ofisini. Bwana Bartholomew, mkuu wa maabara, alikuwa na mgeni: Rasto Mangeni, mfanyabiashara wa Busia upande wa Kenya, mwenye glavu hizo, jozi elfu sita. Mangeni ndiye aliyekalia kiti. Mwenye ofisi alikuwa amesimama.

"Nasikia mpira wangu umekukataa, mama," alisema Mangeni. Akaweka jozi moja mezani. Ilikuwa nyekundu, nzito, yenye kitambaa ndani. "Pima na hizi."

"Hizi si zile, mzee."

"Ni mpira au si mpira?"

Bwana Bartholomew alikohoa. "Pima, Mama Mildred."

Akapima. Aliikatakata ile ya kushoto, akailoweka siku saba, na mshale ukapanda mpaka alama ya ishirini na mbili. Siku ya nane Bwana Bartholomew akamletea cheti: jozi elfu sita, zimefaulu.

"Siwezi kutia sahihi hapa, bwana. Mimi nilipima nyekundu."

"Zilifaulu?"

"Zilifaulu."

"Nani alizipima?"

"Mimi."

"Sasa unataka sahihi ya nani?" Akashusha sauti. "Mama, yule mzee anakula meza moja na watu wanaotupa kibali cha kufungua mlango huu. Ukikataa, kesho mwingine atatia sahihi, na wewe utarudi kijijini Mulanda kupalilia. Glavu zitakwenda tu."

Mildred alikuwa mjane. Shamba la Mulanda shemeji zake walishaligawana. Akachukua kalamu. Kabla ya sahihi aliandika ukingoni kwa herufi ndogo: *Zilizopimwa ni nyekundu.* Bwana Bartholomew akayasoma maneno hayo, akatabasamu, akakausha wino. Tabasamu lile lilimtia hofu kuliko tusi.

Jumapili, kanisa lilipotoka, alikwenda kwenye laini za wafanyakazi, safu za nyumba za kiwanda, kumwona Ofumbi.

"Wakigawa glavu nyeusi, usivae."

"Dada, asiyevaa anarudishwa getini. Nyapara anakagua mikono kama mwalimu."

"Zitakuunguza."

"Na nikikaa nyumbani, hawa nani atawalisha?" Aliwaonyesha kwa kidevu watoto watatu waliokuwa wakimenya viazi na mama yao mlangoni.

Mildred akafungua mkoba. Ile glavu nyekundu ya kulia haikukatwa. Alikuwa ameitoa kabatini Ijumaa. "Basi mkono wa kulia vaa hii. Ya kushoto sikuweza kukupatia."

Ofumbi akacheka. "Nitakuwa kama jogoo wa rangi mbili." Lakini aliivaa.

Siku ya kumi na moja tangu glavu nyeusi zigawiwe, mtungi ulimponyoka Ofumbi ukapasuka. Tindikali ilimwagikia mikono yote miwili. Nyekundu ilifuka moshi kidogo, basi. Nyeusi iliyeyuka ikashikamana na nyama, na walipojaribu kuivua, ngozi ilikuja nayo. Daktari alikata kidole gumba cha kushoto na viwili vinavyofuata.

Uchunguzi ulifanywa ofisini kwa meneja wa kiwanda. Mildred aliitwa. Cheti kilikuwa mezani, kimepigwa taipu upya. Jina lake lilikuwepo, na muhuri. Ukingoni palikuwa peupe.

"Kile nilichotia sahihi kiko wapi?"

"Tunazungumzia hiki kilichopo," alijibu Bwana Bartholomew, akitazama dirisha.

Meneja aliinua glavu nyekundu kwa ncha ya penseli. "Kifaa hiki si chetu. Mtu wetu alivaa kitu ambacho hakupewa. Alikitoa wapi?"

Mildred angeweza kunyamaza, lakini wangemwita Ofumbi mwizi.

"Nilimpa mimi. Niliitoa maabara. Na ndiyo iliyookoa mkono wake wa kulia! Iwekeni hapo karibu na ile nyeusi mjionee."

Karani aliandika. Mildred aliifuata kalamu kwa macho: ilisimama kwenye neno *maabara*. Yaliyobaki haikuyaandika.

Kufikia saa tisa alikuwa ameachishwa kazi kwa wizi. Ofumbi naye iliamuliwa kuwa amejiumiza mwenyewe, kwa kuvaa glavu za aina mbili kinyume cha sheria ya kiwanda. Jumatatu wenzake waligawiwa nyeusi kama kawaida.

Jumatano karani yule yule alikuja na karatasi wodini, ambako Mildred alikuwa amekaa kando ya kitanda cha Ofumbi.

"Akikiri kosa, familia itakaa laini mpaka mwisho wa mwezi. Asipokiri, nyapara anawatoa leo." Akafungua kikopo cha wino juu ya shuka. "Kidole gumba. Cha kushoto."

Ofumbi aliinua furushi la bandeji.

"Chukua cha kulia," alisema Mildred.

"Karatasi inasema kushoto. Nikipeleka cha kulia watanirudishia." Karani alifikiri kidogo, akamgeukia. "Wewe ni damu yake. Toa chako."

"Mimi najua kuandika jina langu."

"Hapa hapatakiwi jina, mama."

Ofumbi alimtazama dada yake, kisha akageuza uso ukutani. Karani alikuwa kijana mpole. Akausogeza wino karibu, akamshika Mildred mkono kama ashikwavyo mgonjwa anayevushwa barabara, akaanza kukunjua vidole vyake, kimoja kimoja.