Mchwa Wamsajili Mwantumu

Usiku wa kuamkia leo niliota nagombana na Mwantumu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mimi niko dirishani kwangu jikoni, yeye dirishani kwake, na katikati yetu ule uchochoro wa kuanikia nguo.

"Utani una mpaka, Mama Siwema!"

"Mpaka kitu gani? Nyie Tufani mmefungwa tatu, mimi nikaleta jeneza la boksi. Wenzangu huleta la mbao."

"Umeliweka mlangoni kwangu alfajiri ileile kaka yangu analazwa hospitali!"

"Ningejuaje?"

"Ungebisha hodi ungejua."

Ugomvi huo haukuwa wa ndotoni tu. Tulikuwa nao kwelikweli, na siku tisa zilikuwa zimepita hatupeani hata salamu. Kaka yake alikwisha kutoka hospitali, mzima, lakini Mwantumu akiniona sokoni anageukia nyanya mbovu ili asinitazame. Mimi ni shabiki wa timu ya Mchwa, mwenye kadi. Yeye ni Tufani wa damu. Miaka kumi na minne tumetaniana mpaka watu wa mtaa wakawa wanakuja kwangu kusikiliza, na mwenye kuja haondoki bila chai. Siku hizo tisa nyumba ilikuwa na mimi na redio.

Basi nikafungua mdomo nimjibu. Dirisha langu likaniwahi.

"Samahani kidogo," likasema. "Mimi ndilo dirisha la usajili. Nafungwa saa sita kamili mchana. Mwenye maneno ayafupishe."

"Wewe ni dirisha la jikoni," nikaliambia.

"Na mambo yote hupikwa wapi?" likajibu, likanyamaza kama ofisa aliyekwenda kunywa chai.

Nachungulia nje. Uchochoro haupo. Kuna uwanja wa mpira umejaa watu mpaka kwenye nguzo za taa, wote wamevaa jezi zetu za kahawia. Hakuna mechi. Katikati ya uwanja kuna jukwaa, kuna zulia, na kuna keki ya ghorofa tatu.

Jukwaani amesimama Msemaji wa klabu yetu. Siku zote nilikuwa namsikia redioni tu, sikujua kuwa ni spika. Spika kabisa, jeusi, la kukodisha harusini, limevaa suti na tai, nyaya zinaburutika nyuma.

"Wanamchwa!" akanguruma. "Leo tunashusha jembe, mchezaji mpya!"

Likashuka jembe. Lilishuka kwa kamba kutoka mawinguni, na udongo mkavu bado umeganda ubapani.

"Shikamooni," likasema jembe. "Mimi natoka Kilosa. Kazi yangu kulima. Mpira siujui."

"Nani kakuuliza mpira?" akasema Msemaji. "Geuka upigwe picha."

Likageuka, likapigwa picha, likavalishwa jezi, likakalishwa benchi. Kisha wakashusha chuma, nondo nzima ya kujengea, ikakaa karibu na jembe. Kisha wakashusha mashine. Ilikuwa mashine ya kusaga, na ilishuka pamoja na foleni yake ya akina mama wenye ndoo za mahindi. Benchi likajaa. Kipa wetu wa kweli, aliyedaka penalti mbili msimu uliopita, akaambiwa ainuke apishe wageni. Akaenda kusimama nje ya uzio, glovu mkononi, akatazama kama aliyekuja kununua karanga.

Niliduwaa. Watu walipiga makofi mawili matatu, wakaendelea kutafuna miwa. Hakuna aliyeuliza nondo itakimbiaje.

Msemaji naye aliyaona makofi yale yalivyokuwa membamba. "Kiki imekufa," akanong'ona. Lakini yeye ni spika, uwanja mzima ukasikia. "Hatusajili miguu, tunasajili gumzo. Leteni ile ya kushtua."

Lango likafunguka. Akaingia Mwantumu juu ya gari la wazi, amejifunga kanga yake ya jikoni, goti lake limezungushiwa bendeji, anapunga mkono.

Nikatoa kichwa dirishani.

"Huyu," akatangaza Msemaji, "ametutukana miaka kumi na minne bila likizo! Ametuita wadudu! Ametuita watafuna magogo! Hakuna kiumbe anayetuchukia zaidi yake! Kuanzia leo ni wetu!"

Uwanja ukapasuka. Wengine wanachana kadi zao, wengine wanazibusu, na kuna mmoja namwona anachana kwanza, halafu anabusu vipande. Magazeti yanaruka yenyewe hewani, yanajisoma kwa sauti: "Makubwa haya! Makubwa haya!" Simu zinacheka ndani ya mifuko ya wenyewe.

"Atacheza namba ngapi?" nikapiga kelele kutoka jikoni.

"Namba moja kwa kuzungumzwa," akajibu Msemaji.

"Goti lake bovu!"

"Picha tumempiga kuanzia kiunoni kwenda juu."

Mwanachama mwenye akili angefurahi. Adui wa miaka yote anavuka aje kwetu. Ushindi gani unaupita huo? Lakini mimi nikaona asubuhi ya kesho. Tumefungwa, na hakuna anayenigongea ukuta kuniuliza kama nimeamka au nimezimia. Tumeshinda, na hakuna wa kumtambia. Wote Mchwa. Nitazungukwa na watu wanaokubaliana nami mpaka nife kwa miayo.

Mwantumu akafika mezani. Kuna mkataba na kidau cha wino wa zambarau. Akachovya dole gumba, likazama mpaka kwenye kiungo.

"Ngoja kwanza," ikasema sauti ya kizee. Ilikuwa ya Kitabu cha Kanuni, kinene, kimekaa meza ya pembeni, kinapiga chafya za vumbi. "Ukurasa wa arobaini. Mwenye mkataba kwingine hasajiliwi mpaka aachwe na aliye na mkataba naye."

"Ana mkataba na nani huyu?" Msemaji akauliza.

Kitabu kikajipekua. "Na Mama Siwema. Mkataba wa utani. Hauna tarehe ya mwisho."

Vichwa vya uwanja mzima vikageukia jikoni kwangu.

"Mwache!" wakaanza kuimba Mchwa wenzangu. "Mwache! Mwache!" Aliyeshika ngoma ni Mzee Lugongo, mwenyekiti wa tawi letu, ambaye pilau ya kwangu ameila mpaka anajua nyufa za sahani. Namwona kwa macho yangu.

"Simwachi," nikasema.

"Mwache kwa ajili ya klabu!"

"Hata kwa klabu. Huyu si mke, wala mimi si mume. Mtani haachwi kwa karatasi."

Hapo Mwantumu akaniangalia. Ndiyo mara ya kwanza kwa siku tisa. Wino unamdondoka kwenye zulia.

"Mbona ulikwisha niacha," akasema. Alisema polepole, na Msemaji akalikariri kila neno mpaka likafika majukwaa ya nyuma. "Ndugu yangu yuko kwenye dripu. Mimi nimerudi kuchukua shuka, natafuta mtu wa kunishika mkono. Wa kwanza kumkumbuka ni wewe. Nafika mlangoni kwangu nakuta jeneza. Nikajua kwako si pa kubisha tena. Hawa wamenibishia hodi, Mama Siwema. Hawa wamekuja na keki."

Mimi nimezaliwa na majibu, soko zima linajua hilo, lakini nikasema "Mimi," nikarudia tena "Mimi."

"Dakika moja," likasema dirisha, likaanza kujifunga.

Nikalizuia kwa mikono miwili. Likanisukuma bila chuki. Upenyo ukawa wa kutosha kichwa. Ukawa wa ngumi. Ulipobaki wa mdomo, nikaweka mdomo.

"Mwantumu! Nilikosea! Ule haukuwa utani, ulikuwa ujinga! Ningebisha hodi! Nisamehe, shoga yangu!"

Sikumwona tena. Nilimsikia tu Msemaji akiuliza, "Mama, unabonyeza dole au hubonyezi?" halafu dirisha likajifunga, paa!

Nikaamka. Kumekucha, jogoo wa nyumba ya pili anawika kwa kuchelewa, na mimi nimelowa jasho. Nikajiambia, haya ni maharage ya usiku. Lakini yale maneno ya msamaha yalikuwa bado mdomoni, hayajafika kwa mtu yeyote wa kweli, nikaona nikiyaacha yataniozea humo. Nikajifunga kanga, nikazunguka mpaka mlangoni kwa Mwantumu.

"Hodi."

Nikabisha tena.

"Hodi, Mwantumu."

Akafungua. Mkono mmoja ameshika kitambaa chenye mafuta ya taa, anasugua dole gumba la mkono wa pili. Dole lile ni la zambarau, mpaka kwenye kiungo.

Nikashika fremu ya mlango.

"Umeshika nini?" nikamuuliza.

"Sijashika chochote. Nimeamka nalo hivi. Tangu alfajiri nasugua, halitoki." Akanitazama juu mpaka chini. "Umefuata nini?"

Nikayasema. Yote, bila kupunguza, na mbele ya mtu mwenyewe yalikuwa mazito kuliko kule ndotoni, maana hapakuwa na spika la kunisaidia. Nilisema habari ya kaka yake, nikasema habari ya mlango, nikasema nyumba yangu imekuwa pango. Yeye aliendelea kusugua. Nilipomaliza, akaacha kusugua. Ndani kulinukia mihogo ya nazi.

Akatupa kitambaa begani.

"Nawe unasimama tu hapo," akasema. "Ingia tule, mchwa wewe, kabla hujanitafunia fremu ya mlango."